Usiku Printa Ilipotuomba Barua

Kisa hiki ni cha Alhamisi moja mwanzoni mwa mwaka 2002, Kisumu ikiwa na miezi michache tu tangu itangazwe kuwa jiji. Nilikuwa msaidizi katika duka la kupiga taipu, uchochoroni, hatua chache kutoka Oginga Odinga Street. Tulitaipu barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba, mitihani ya shule za msingi, na zaidi ya yote programu za mazishi. Anayeijua Nyanza anajua kwamba Alhamisi na Ijumaa ndizo zilizolipa kodi ya duka kama lile. Maiti hutoka mochari Ijumaa, hulala nyumbani, huzikwa Jumamosi, na waombolezaji hutarajia kukuta programu mkononi.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi kwa vijana ninaofanya nao kazi, na kila mara wanaondoka na nusu yake. Wanasikia kwamba printa iliharibika, mashine za kizamani zikatuokoa. Sivyo. Printa haikuharibika hata kwa dakika moja. Ilikuwa nzima kuanzia mwanzo hadi stima ilipopotea, nasi tuliihangaikia kama mgonjwa kwa saa nzima na zaidi. Ndiyo sababu nakiandika chote.

Mwenye duka tulimwita Madam. Alikuwa sekretari wa serikali kwa miaka mingi kabla ya wafanyakazi kupunguzwa katika miaka ya 90, na pesa alizopewa ndizo alizofungulia duka. Mezani pake palikuwa na mashine ya taipu aina ya Imperial, nzito kama jiwe la kusagia, iliyotengenezwa Leicester, Uingereza, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1975. Kando yake ilikaa kompyuta yenye Word, na chini ya dirisha printa ya leza, HP LaserJet 4, aliyoinunua mitumba kutoka ofisi moja ya Nairobi. Kulikuwa pia na printa ndogo ya Epson ya kuchapia risiti, ambayo pini zake 9 hugonga utepe wa wino, iliyokuwa ikilia kama cherehani iliyokasirika, na mashine ya fotokopi. Nyuma ya pazia ilikaa Gestetner, mashine ya kurudufisha nakala kwa stensili na wino, ya kuzungusha kwa mkono. Hiyo ya mwisho ilikuwa imefunikwa kitambaa tangu shule zilipoanza kuleta mitihani kwa fotokopi, ila Madam hakuwa amekubali kuiuza.

Saa kumi na mbili kasorobo jioni aliingia kijana akiwa na flopi mfukoni, na nyuma yake mjomba wake, mzee mrefu aliyeshika kofia mkononi. Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu wa upande wa Yala. Mwanawe aliyekuwa Marekani ndiye aliyeandika programu yote, akaituma kwa barua pepe, na kijana akaichukua kwenye saiba na kuitia kwenye flopi. Kurasa nne: picha ya marehemu mbele, utaratibu wa ibada pamoja na nyimbo za Dholuo, wasifu, kisha majina ya watoto na wajukuu na shukrani. Nakala 250. Kila nakala karatasi mbili pande zote, yaani rimu moja kamili. Gari lingeondoka kuelekea mochari saa mbili asubuhi.

"Karibu, Jaduong'. Pole sana kwa msiba," Madam alimwambia yule mzee, maana Jaduong' kwa Dholuo ni mzee, akamvutia kiti. "Kaa. Hii ni kazi ya saa mbili."

Faili ilifunguka vizuri. Kila ukurasa ulikuwa umezungushiwa fremu ya mistari miwili, picha imekaa katikati, imependeza. Nikatuma kuchapa. LaserJet ikanguruma, ikanyamaza, na kwenye kile kioo chake chembamba cha mstari mmoja yakaja maneno matatu: PC LOAD LETTER.

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo mambo yote yalipoharibikia. Kila mtu chumbani alikijua Kiingereza, na kila mtu aliyasoma maneno yale, akayaelewa vibaya. PC, kwa yeyote aliyekaa mbele ya mashine mwaka ule, ni kompyuta. LETTER ni barua. LOAD ni kupakia. Basi tukasoma kwamba kompyuta ipakie barua, yaani hati haijafika kwenye printa, itumwe tena. Nikatuma tena. Maneno yaleyale. Nikazima printa na kuwasha, nikatuma tena. Nikachomoa ile kebo nene ya pini 25, nikaipuliza, nikairudisha, nikatuma. Nikatoa kasha la tona, nikalitikisa kama mtu anayepepeta mchele, nikalirudisha. Nikawasha kompyuta upya. Kijana naye akashauri tunakili faili kutoka flopi hadi ndani ya mashine, tukafanya hivyo, nikatuma mara ya tano. Saa moja na dakika ishirini ilikuwa imefika, na Jaduong' alikuwa ameacha kuangalia printa, akawa anaangalia saa yake.

Maana yenyewe ya ujumbe ule ni nyingine kabisa. PC pale si kompyuta, ni ufupisho wa "paper cassette", yaani kaseti ya karatasi, ile trei. LETTER si barua, ni jina la ukubwa wa karatasi inayotumika Marekani na Kanada, milimita 216 kwa 279. Trei yetu ilikuwa na A4, milimita 210 kwa 297, ukubwa uliotoka kwenye kanuni za Wajerumani za mwaka 1922 na ambao leo unatumika karibu dunia yote iliyobaki. Trei yenyewe ndiyo huiambia mashine ni karatasi ya ukubwa gani iliyomo. Kwa hiyo printa ilikuwa inasema jambo la kweli na la adabu: hati hii imeandikiwa karatasi ya Letter, na kwenye trei yangu sina, niwekee. Haikuwa imekataa kazi. Ilikuwa inangoja.

Mtu anaweza kusema tungesoma kitabu cha maelezo. Printa ya mitumba haiji na kitabu. Na mimi nasimama kwenye hoja kwamba ujumbe ule uliandikwa na watu ambao kwao neno LETTER ni karatasi ya kila siku, wasiwaze kwamba kuna mahali ambapo neno hilohilo linamaanisha barua na si kingine. Sisi karatasi tulizozijua kwa majina zilikuwa A4 na fulskepu. Letter hatukuwahi kuiona dukani hata siku moja.

Aliyetegua kitendawili ni Madam, na hakukitegua kwenye kompyuta. Mimi, kwa kukata tamaa, nilianza kubonyeza vitufe vya printa kimoja baada ya kingine, na nilipokigusa cha kuendelea, karatasi ikavutwa, ikatoka. Nilipiga kelele ya furaha. Nikabonyeza tena, ukurasa mwingine. Zile kazi zote nilizozituma zilikuwa zimepanga foleni, zikaanza kutoka moja moja. Jaduong' akasimama. Lakini Madam alichukua ukurasa wa kwanza, akaupeleka kwenye mwanga, akanyamaza.

Fremu ilikuwa na pande tatu. Mstari wa kulia haukuwepo. Na chini paliachwa nafasi tupu, pana kuliko ya juu, kana kwamba ukurasa umevutwa kuelekea dari.

Mimi ningezikubali. Yeye alivuta rula kutoka kwenye droo, akapima kushoto, akapima chini, akapima juu. Akaandika tarakimu kwenye kiganja kwa kalamu. "Hii haina ugonjwa," alisema. "Hii imepimiwa karatasi ya watu wengine. Ni fupi kuliko yetu, tena ni pana." Alikuwa ameanza kazi enzi za fulskepu na "quarto", saizi za karatasi za zamani, akaziona zikipisha A4, na alikuwa amepiga barua nyingi mno kwenye karatasi isiyo yake hata akajua ukurasa uliohama unavyofanana. Tukafungua mpangilio wa ukurasa kwenye Word. Hapo palikuwa pameandikwa Letter. Tofauti ya urefu ni milimita 18, na rula yake ilikuwa imeshatuambia hivyo.

Nikabadilisha kuwa A4. Ukurasa wa picha ukachapwa mara moja bila maneno yoyote kwenye kioo, fremu ikiwa na pande zote nne baada ya kuisogeza kidogo. Tukaupeleka kwenye fotokopi, na kufikia saa mbili na dakika kumi usiku tulikuwa na majalada 250 yamepangwa mezani, yana joto. Zile kurasa nyingine tatu zilihitaji kazi zaidi. Karatasi ikibadilika upana na urefu, maneno huhama: kichwa cha wimbo kilipanda kikabaki peke yake chini ya ukurasa uliotangulia, na fremu alizochora yule mwana kwa mkono zilibaki na vipimo vya kule alikozichorea. Nilikuwa narekebisha ya pili kati ya hizo wakati stima ilipopotea. Si dukani mwetu tu. Mtaa mzima ulikuwa giza hadi upande wa stendi.

Tulikuwa na UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea, ikalia, skrini ikabaki na mwanga. Kijana akauliza kwa nini tusichapie humo. Swali zuri. Printa ya leza huyeyusha unga wa tona juu ya karatasi kwa roli yenye joto la karibu nyuzi 200, na kuipasha roli hiyo hula umeme mwingi kwa ghafla. UPS ndogo ya kubebea kompyuta ingezimika hapohapo, na faili ingeenda nayo. Nikahifadhi nilichofanya, nikazima.

Palikuwa kimya kwa muda. Kisha Madam akawasha karabai, akaenda nyuma ya pazia, tukasikia kitambaa kikivutwa.

Gestetner ya mkono haihitaji stima. Inachohitaji ni stensili, wino na bega. Na maneno ya kutaipu tulikuwa nayo: zile kurasa zenye fremu ya pande tatu, ambazo mimi nilikuwa nimezikunja tayari kwa kutupa. Maandishi yake yote yalikuwa kamili, kilichokatika ni mstari wa pambo tu. Kama nisingetuma mara tano kwa ujinga, na kama nisingebonyeza foleni ile itoke, tusingekuwa na hata sentensi moja kwenye karatasi usiku ule.

Kwa ambaye hajawahi kukata stensili, inakuwa hivi. Karatasi yake ni nyembamba, ina nta, na imebandikwa juu ya karatasi ngumu. Unasogeza kile kidude cha utepe hadi kwenye alama nyeupe ili utepe usipande, herufi za chuma zipige nta moja kwa moja. Kabla ya kuanza, unazisugua herufi kwa brashi, hasa e, a na o, maana uchafu ukijaa ndani yake, nta haikatiki. Na kidole lazima kiwe na kipimo. Ukipiga o kwa hasira, duara lote linang'oka na kwenye nakala linatokea doa jeusi. Ukipiga kwa woga, halitokei kitu. Madam alipiga kwa mdundo mmoja usiobadilika, kengele ikilia mwisho wa kila mstari, mkono wa kushoto ukirudisha gari la mashine mwanzo wa mstari bila yeye kuinua macho. Akikosea, alipaka ile dawa nyekundu ya kusahihishia, akaipuliza, akangoja, akapiga juu yake. Mashine ile haikuwa na kitufe cha 1. Mwaka wa kuzaliwa kwa marehemu, 1931, aliupiga kwa herufi l ndogo mara mbili, na ukiitazama nakala leo hutagundua.

Shida ikawa nafasi. Yule mwana alikuwa ameandika wasifu kwa herufi ndogo zilizobanana za kompyuta, ambazo i huchukua nafasi nyembamba na m nafasi pana. Imperial humpa kila mmoja sawa, herufi 10 kwa kila inchi, iwe i au m. Ukurasa wa wasifu haukuingia. Ilibidi karibu thuluthi yake itoke, na wa kuamua hakuwa mimi wala Madam.

"Jaduong', nisomee," Madam alisema. "Ukifika mahali pa kuacha, uniambie."

Basi mzee akasogeza kiti karibu na karabai, akasoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Aliacha orodha ya kozi za ualimu. Aliacha aya nzima ya salamu kutoka kwa watu wa huko Marekani. Alipofika mahali palipotajwa shule alizofundisha, alitaka kuacha mbili, akasita, akasema hapana, hizo zibaki, watakuja watu kutoka huko. Ilikuwa kama saa tano usiku, na sidhani kama kuna mtu mwingine aliyeisoma programu ile neno kwa neno kabla ya hapo zaidi ya yule aliyeiandika.

Ukurasa wa majina haukupunguzwa kitu. Alisoma wajukuu nyumba kwa nyumba, wakubwa kwanza. Stensili ilipokwisha kutolewa kwenye mashine, akawa bado anahesabu kwa vidole. "Na yule mdogo wa Nyalenda?" Kijana akaitazama karatasi. Hakuwemo. Mwenye kuandika aliondoka nchini kabla mtoto huyo hajazaliwa. Kuirudisha stensili kwenye roli na kulenga mstari uleule ni kuomba ipasuke, kwa hiyo Madam aliiweka juu ya sahani ya plastiki ngumu, akachukua ile kalamu ya chuma yenye ncha ya mviringo, akaliandika jina kwa mkono mwishoni mwa mstari wa nyumba yao. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, umelala kidogo kulia.

Kuzungusha kulinichukua hadi saa nane. Stensili tatu kwa nakala 250 ni mizunguko 750. Karatasi tuliyokuwa nayo ni ya fotokopi, laini, haiunywi wino kama zile za kukwaruza zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo kila nakala iliyotoka ingemchafua mwenzake mgongoni. Kijana alikata magazeti ya zamani, akawa anaweka kipande kati ya kila mbili. Upande wa pili wa karatasi tuliungoja ukauke. Sakafu yote, benchi, hata kifuniko cha LaserJet, vilijaa karatasi. Saa kumi na moja alfajiri tukaanza kupiga pini, na saa moja unusu Jaduong' alibeba mafurushi mawili yaliyofungwa kwa kamba ya katani.

Nimerudia hesabu ya usiku ule mara nyingi. Kuna kitu kimoja ambacho kingetuokolea ile saa nzima: kuiambia printa ichape ukurasa wake wa majaribio, ule inaoutoa yenyewe kwa vitufe bila kompyuta. Ungetoka safi kwenye A4, tungejua papo hapo kwamba roli, tona na mashine nzima havina kosa, na kwamba ugomvi uko kwenye faili. Badala yake niligusa kebo, tona, flopi na kompyuta, kila kimoja kisicho na hatia, na kwa sababu sikungoja kuona kila badiliko limeleta nini, hata kama kimoja kingekuwa kibovu nisingekitambua.

La pili linaniuma zaidi, maana lilikuwa mikononi mwetu. Kati ya saa moja na nusu na saa mbili unusu, stima ikiwepo, tungeweza kutoa utepe kwenye ile Epson, kuipa stensili, na pini zake zikakata nta moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, pamoja na zile herufi ndogo. Shule zilifanya hivyo. Giza lingetukuta na stensili tatu tayari, na wasifu mzima. Ila pia mzee asingesoma kwa sauti, na mtoto wa Nyalenda asingeonekana mpaka makaburini. Sijui niliweke wapi hilo kwenye hesabu, kwa hiyo nimeliacha lilivyo.

Jumatatu nilipofika kazini, kwenye kifuniko cha LaserJet palikuwa pamebandikwa kipande cha karatasi kilichopigwa kwa Imperial, herufi kubwa, kimepigiwa mstari chini: IKISEMA LETTER ANGALIA KWANZA UKUBWA WA KARATASI. Kilikaa pale miaka minne, hadi printa ilipouzwa kwa fundi wa vipuri. Fundi aliondoka nacho kikiwa bado kimebandikwa.